Kibiti kwa gari la umeme: Mgeni kala mpaka chungu!

MSOMAJI wangu, kama umewahi kusafiri na dereva ambaye kila baada ya dakika mbili anaangalia dashibodi badala ya barabara, basi pole, tuko wengi. Mimi nilisafiri naye kutoka Mbagala mpaka Kibiti, na mtu mwenyewe ni kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, ambaye hapa nitamwita Injinia. Injinia si injinia. Kaishia kidato cha nne kama mimi tu, ila tangu anunue gari la umeme anaongea na watu huku kafunga mikono nyuma.

Gari lenyewe ni kale kagari kadogo ka Kijapani, rangi ya maziwa, kametumika sana huko kwao kabla ya kupanda meli kuja Bongo. Jina sitaji, tusije tukaitana mahakamani. Injinia analifanyia teksi mjini. Usiku analichomeka kwenye soketi ya ukutani, ile ile ya kupigia pasi, asubuhi linatoka limeshiba. "Petroli nawaachia nyie," huwa ananiambia. Nyie nani? Mimi hata baiskeli sina.

Safari yetu ilikuwa ya arobaini ya babu. Babu alifia kijijini kwake ndani ya delta ya Rufiji, upande wa Kiomboni, mwezi Julai mwaka 2025. Habari ya msiba ilinifikia siku ya pili yake, babu keshazikwa. Sababu? Simu! Baba mdogo aliyekuwa naye kule simu yake ilikuwa imezima. Siku tatu za mawingu, sola hazijazi, kijiji kizima simu zimelala kama samaki kwenye tenga. Mpaka akapata chaji ya kunipigia, watu walishatoka makaburini, wameosha majembe. Mimi ndiye mjukuu niliyelelewa mgongoni kwa yule mzee. Nikaapa, arobaini hainipiti, hata kama itabidi nitembee kwa miguu.

Injinia akasema kwa nini utembee na gari lipo.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Gari likijaa, linakwenda kilomita 120. Lilipokuwa jipya lilikuwa linakwenda zaidi, lakini betri ya gari ni kama ya simu, inazeeka, na hii ilishapata wajukuu. Kutoka Mbagala mpaka Kibiti ni kilomita mia na ishirini na kitu. Hicho "kitu" ndicho kilichotutoa jasho.

Tukaondoka Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi. Kongowe, Vikindu, Mkuranga. Spidi hamsini! Kiyoyozi marufuku, kinakula chaji. Madirisha nayo yafungwe, eti upepo ukiingia unalivuta gari nyuma. Redio aliiruhusu, kwa sauti ya chini, kama tumebeba mgonjwa. Mabasi ya Mtwara yanatupita yanapiga honi, malori ya saruji yanatupita, na pale Mkuranga, karibu na wauza mananasi, tukapitwa na bodaboda iliyobeba magunia mawili ya mkaa. Yule jamaa wa mkaa akageuka kututazama, nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Kufika Kimanzichana dashibodi ikaanza kuongea Kijapani. Injinia anaielewa, mimi nilielewa ile alama nyekundu. Tukaegesha mbele ya saluni moja ya kiume, Injinia akashuka na waya wake mabegani kama mvuvi na mshipi.

"Kaka, naomba nichomeke hapa kidogo."

"Simu?"

"Gari."

Kinyozi akacheka mpaka akamkata mteja wake nyuma ya sikio. Baadaye akaona si utani. Akatupa soketi, na gari lilipoanza kuvuta, ile mashine ya kunyolea ikaanza kukohoa. Ikapoteza nguvu katikati ya kichwa cha mzee mmoja wa watu. Tulikaa saa mbili. Kinyozi akatutoza shilingi 5,000, bei ya vichwa viwili na ndevu. Injinia akalalamika njia nzima kuwa umeme alioutumia haufiki hata shilingi 1,700. Mimi nikamwuliza, na yule mzee aliyekaa saa nzima kanyolewa nusu, wake umeuweka kwenye hesabu?

Hapa nikusimulie kidogo ya mafundi, maana na mimi nilikuwa sijui. Soketi zetu hizi za matundu matatu tumerithi kwa Waingereza. Moto wake ni volti 230, na plagi yake ina fyuzi isiyozidi ampea 13. Japani nyumbani wanatumia volti 100, kwa hiyo gari likija huku waya wake hauingii popote, inabidi utafute mwingine wa kufaa. Wa Injinia unavuta ampea 10, yaani wati 2,300. Pasi yako ya nyumbani ni wati elfu moja, elfu moja na kitu. Kwa hiyo mtu akikuomba achomeke gari kwako, jua anakuomba upige pasi mbili kwa mpigo, usiku kucha, bila kunyanyua hata mara moja. Friji dogo halivuti hata wati 150. Na ole wako uunganishe kwa ile ekstensheni ya kuzungusha kwenye gurudumu ukaiacha imejiviringa. Inachemka, inayeyuka, unaamka umezungukwa na majirani wenye ndoo. Injinia ya kwake huwa anaikunjua yote, anaitandaza uani kama kamba ya kuanikia nguo. Hilo nampa, ni mwangalifu.

Norwei, mwaka 2024, karibu magari mapya 9 kati ya 10 yaliyouzwa yalikuwa ya umeme. Mambo ya Ulaya hayo. Wao wana vituo barabarani. Sisi tuna shangazi.

Shangazi yetu anaishi Kibiti mjini, nyuma kidogo ya stendi. Kibiti mnaijua kwa majina mabaya, miaka ya 2016 na 2017 ilikuwa haipiti wiki haijatajwa kwenye habari za mauaji. Siku hizi ukishuka pale unakutana na wauza korosho, chipsi, bodaboda kibao, na wanafunzi wanaokimbilia nyumba ya shangazi kununua barafu za ukwaju. Ndiyo biashara yake. Ana friji moja la kufungua kwa juu, limezeeka, mpira wa mlango umelegea kaufunga na kamba ya katani, na ndani mna barafu za ukwaju na ubuyu, mia mia. Siku ile mlikuwa pia na kilo sita za kamba. Kamba wa kwetu delta, wakubwa kama kidole gumba cha mwanamume. Kawanunua mwenyewe kwa ajili ya arobaini ya baba yake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba wanangu. Mbona mmechelewa, mmekuja kwa miguu?"

Tuliingia na asilimia kumi. Injinia akachomeka, lakini kile kiboksi cha kwenye waya kikawasha taa nyekundu, kikakataa. Akachomoa, akachomeka. Kikakataa. Kumbe hivi viboksi vina akili kuliko sisi, vinakagua kwanza kama nyumba ina waya wa ethi, ule unaopeleka shoti ardhini badala ya kwenye mwili wako. Kama haupo, vinagoma.

Akaitwa fundi wa mtaani. Fundi akazunguka nyuma ya nyumba, akachutama, akaguna. Ile nondo ya ethi ilikuwepo ardhini, waya wa shaba ndio haupo. Umekatwa, umeuzwa chuma chakavu, na kidonda chenyewe kilishaota kutu.

"Mama, hili friji lako halikupigi shoti?"

"Linanipiga," shangazi akajibu bila wasiwasi. "Ndiyo maana nalifungua nikiwa na kandambili."

Watu wa Mungu! Miaka shangazi anavaa kandambili kufungua friji, na watoto wa watu wanakuja peku peku kununua barafu. Fundi akafunga waya mpya, akamwaga ndoo ya maji pale kwenye nondo maana ardhi ilikuwa kavu, na ardhi kavu haipokei shoti vizuri. Saa moja usiku kile kiboksi kikawasha kijani. Injinia akapiga makofi peke yake. Kwa hilo sitamsema vibaya huyu mgeni wetu wa Kijapani. Lakini subiri.

Tulikula wali na samaki, tukalala. Injinia alikuwa kapiga hesabu kuwa mpaka asubuhi litakuwa limejaa tele, tule chai taratibu, saa tano tuondoke. Boti ya Nyamisati ilikuwa inaondoka Ijumaa saa tisa alasiri na maji ya kujaa. Ulikuwa wakati wa bamvua, na nahodha hamngoji mtu, yeye anangojwa na maji. Ukiikosa hiyo, arobaini Jumamosi unaisomea gatini.

Saa sita na nusu usiku feni ikasimama.

Nikadhani umeme umekatika, nikageuka upande wa pili. Mbu wa Kibiti hawakunipa nafasi. Nikatoka uani, na nini naona? Nyumba ya jirani taa inawaka. Nyumba ya pili inawaka. Kwetu giza. Kile kiboksi kimezima, gari limekaa pale kimya, limeshiba, kama mtu aliyemaliza sinia peke yake.

LUKU ilikuwa imekwisha.

Injinia anakoroma. Shangazi nikamkuta jikoni saa kumi alfajiri, kawasha jiko la mkaa, tochi kaibana kwapani, anakaanga kamba wote kilo sita kwa mpigo. Wameanza kulegea. Zile barafu za ukwaju kazimimina kwenye ndoo, juisi tupu. Nikachutama kumenya vitunguu. Hakuwa amenuna, na hilo ndilo lililoniuma.

"Shangazi, kwani ulikuwa na uniti ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Na zingekufikisha lini?"

"Mwisho wa mwezi, kama si kupungukiwa siku mbili tatu. Mimi na friji langu tunajuana."

Kumi na tatu! Na lile gari kila saa linakunywa uniti mbili na zaidi. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akageuza kamba, akanitazama.

"Mwanangu, nyumba hii mgeni akija simwulizi atakula nini. Ningemwambia mtoto wa kaka yangu asichomeke, kwa kuwa nina umeme kidogo?" Akanyamaza kidogo. "Ila huyu mgeni wenu ana njaa. Kala chakula, kala na chungu."

Halafu akanieleza jambo ambalo mimi mtoto wa mjini nilikuwa silijui, maana mjini kwetu analipa mwenye nyumba. Yeye yuko kwenye ile tarifu ya watumiaji wadogo. Uniti 75 za mwanzo kila mwezi, moja ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Ukivuka 75, kila uniti inakuwa 350. Siyo shilingi kumi zaidi, wala ishirini, ni mara tatu na nusu! Na ukizoea kuvuka, wanakuhamishia kwenye tarifu ya kawaida, ukishahamishwa kurudi ni shughuli. Kwa hiyo shangazi anaishi kwa kuhesabu. Anazima friji saa za baridi, anapiga pasi mara moja kwa wiki, taa ya uani anaiwasha akisikia mbwa. Mwezi ule alishanunua 70. Nafasi ya bei nafuu ilibaki ya uniti tano tu.

"Baada ya hapo," akasema, "nanunua kama tajiri."

Msomaji, nilimenya vile vitunguu na machozi ya watu wawili.

Injinia aliamka saa moja, kanyoosha viungo, kaenda moja kwa moja kwenye gari lake. Asilimia 68. Akaja jikoni anacheka.

"Aa, LUKU tu imeisha? Jambo dogo shangazi, nakununulia sasa hivi."

Akatoa simu, akatuma shilingi 10,000. Mimi nikatulia tuli. Meseji ikaingia na zile namba 20 za kuingiza kwenye mita. Akasoma. Akasoma tena.

"Uniti 27? Hawa wamenikosea. Kwa bei ya shangazi zilitakiwa zipite themanini!"

"Hawajakukosea, baba," shangazi akamwambia, akimpa kikombe cha chai. "Ndiyo bei yenyewe. Tano za kwangu, hizo nyingine za gari lako."

Sijawahi kumwona Injinia kafungua mikono mgongoni haraka vile. Akakaa kwenye kibao cha mbuzi, akanywa chai bila neno. Halafu akatuma nyingine 10,000. Ikaleta 23, maana sasa hata zile tano hazikuwepo. Akataka atume na ya tatu, shangazi akamkataza, kwamba kila anachonunua mwezi huu anazidi kumpandisha huko juu asikotaka kwenda. Umeona kasheshe? Hata kulipa ni kosa.

Na barafu? Mia moja na ishirini, shilingi mia mia. Piga hesabu mwenyewe.

Umeme ukarudi saa mbili, na muda wa kuchomeka tena ulikuwepo, saa tatu nzima. Nikamwona Injinia kasimama uani, waya mkononi, anaangalia soketi, anaangalia dirisha la jikoni. Kisha akaukunja ule waya, akautia kwenye buti.

"Tutafika," akasema.

"Na tusipofika?"

"Tutasukuma."

Kutoka Kibiti unarudi nyuma kama unakwenda Dar mpaka Bungu, halafu unakata kulia kuelekea baharini, kilomita arobaini na kitu za vumbi. Jumla yake haipungui sitini. Tulikuwa watu watatu sasa, shangazi kakaa mbele na sufuria ya kamba mapajani, mimi nyuma na magunia ya mchele na sukari. Kila kilima Injinia anashusha pumzi, kila mteremko anafurahi, maana gari la umeme likishuka linajirudishia chaji kidogo. "Limeongezeka moja!" anapiga kelele. Shangazi anamwitikia, "Alhamdulillah." Mikorosho ikapita, minazi ikaanza, halafu ile harufu ya tope la chumvi ambayo ukilelewa nayo huwezi kuichanganya na nyingine.

Nyamisati tuliingia saa nane na robo. Asilimia tisa.

Pale gatini kuna pilikapilika, ndipo watu wanapovukia kwenda Mafia. Kivuko cha MV Kilindoni kinaanzia hapo. Injinia akaenda kwa mama mmoja mwenye mgahawa na soketi ukutani. Nikamsikia kwa masikio yangu.

"Mama, uniti zako zimebaki ngapi?"

Yule mama akamtazama kama anamwona mtu wa sensa.

"Na uko tarifu gani? Mwezi huu umeshanunua ngapi?"

"Wewe kijana umetumwa na nani?"

Ilichukua muda kuelewana. Ikaonekana mama yuko kwenye tarifu ya kawaida, ya shilingi 356 na kodi zake, hana cha kupandishwa. Wakakadiria uniti 20, Injinia akamnunulia 30 kabla hata ya kushusha waya, mama akaingiza namba mwenyewe kwenye mita akaona zimeingia, ndipo gari likachomekwa. Tukamwachia tukaingia botini.

Delta ya Rufiji, kama hujaiona, usifikirie mto. Fikiria mto umechoka kuwa mmoja ukaamua kugawana. Mikono na vijito kila upande, na katikati mikoko, msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Mkandaa, mchu, mkoko wenyewe na mizizi yake kama buibui. Boriti za hapa zilikuwa zinapakiwa kwenye majahazi kwenda Arabuni kuezekea majumba, karne na karne. Babu naye ujanani alikata boriti, jina likamganda, Mzee Boriti.

Nahodha wetu kila akipata abiria wa mjini anasimulia ya Königsberg, hata kama abiria kwao ni huku huku. Mnaifahamu? Manowari ya Wajerumani. Septemba 1914 iliizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, pale Unguja, halafu ikaja kujificha kwenye vijito hivi, mashine mbovu na makaa hayatoshi. Vipande vya mashine vikaburutwa na watu, weusi kama mimi na wewe, porini mpaka karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikaburutwa tena kurudi. Kutoka haikutoka. Julai 11, 1915, baada ya kupigwa na Waingereza, Wajerumani wakaizamisha wenyewe, mizinga wakaiopoa wakaendelea nayo vita nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, mpaka leo.

"Kwa hiyo waliishiwa chaji," Injinia akasema.

Shangazi akacheka. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu Alhamisi.

Injinia akapata nguvu za kuongea. Akatuambia maji haya haya yanayotubeba yameshapita kwenye Bwawa la Julius Nyerere kule juu mtoni. Mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Wa kwanza uliingizwa kwenye gridi mwaka 2024, na mwaka 2025 yote tisa ikawa tayari. "Unajua hiyo ni sawa na magari laki tisa kama langu, yamechomekwa kwa wakati mmoja?" Nahodha akamwuliza laki tisa hayo yataegeshwa wapi. Mimi nilikuwa natazama kingoni, kwenye vibanda vya wakulima wa mpunga. Juu ya kila paa la makuti, kijipande cha sola kama kioo cha saluni, kimoja kimoja.

Kijijini tulifika jua linazama. Arobaini ikasomwa Jumamosi baada ya alasiri, chini ya mwembe, watu wakajaa, kamba wakaliwa wote na hakuna aliyejua walivyonusurika. Nikaenda kaburini na baba mdogo. Hatukuongea mengi. Nilimwambia tu sikununi tena.

Jumapili asubuhi simu yangu ikazima, nikaipeleka kwenye kibanda cha chaji. Ni kibanda cha makuti karibu na bandari, juu paneli mbili, ndani betri mbili za gari na kibao cha soketi kilichotundikwa kwenye nguzo. Simu kama thelathini zimepangwa kwenye jamvi, kila moja imebandikwa plasta yenye jina kwa kalamu. Mwenye kibanda ana daftari. Jina, aina ya simu, shilingi 300, umelipa au hujalipa. Na huchomeki mwenyewe. Unampa, anaitazama betri, anaangalia jua, anakuambia, njoo saa nane. Au anakuambia, leo nimejaa, njoo kesho. Hakuna anayenuna. Siku ya mawingu, alinieleza, anaanza na simu ya mkunga, halafu ya mwenye boti, wengine wanafuata.

Injinia akamwuliza, kwa paneli hizi mbili, gari linaweza kujaa kwa siku ngapi? Yule bwana hakucheka. Akatoka nje, akatazama paneli zake, akaandika andika nyuma ya daftari.

"Siku kumi na mbili. Na kijiji kizima kikae bila simu."

"Basi," Injinia akasema. "Nilikuwa nauliza tu."

Nikaandika jina langu, na ubini. Mwenye kibanda akasoma, akaninyanyulia macho.

"Wewe ni nani wa Mzee Boriti?"

"Mjukuu."

Akainama chini ya meza, akatoa kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na simu moja, ile ndogo ya vitufe, imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Plasta imeandikwa M. BORITI. Babu aliileta asubuhi ya siku aliyoanza kuumwa. Jua lilipotoka ikajazwa, babu hakuja kuichukua. Nyumbani walidhani imeanguka mtoni.

Nikaiwasha pale pale. Vijiti vya chaji vyote vimo. Mtandao unashika ukisimama karibu na mnazi, nikasimama karibu na mnazi. Meseji zikaanza kuingia moja moja, kwa ule mlio wake. Nne zilikuwa zangu. *Shikamoo babu mbona hupatikani.* *Babu ukipata chaji nibipu.*

Nikarudi kibandani natafuta pesa mkobani, nikamwuliza nimpe ngapi, maana imekaa zaidi ya siku arobaini.

Yule bwana akafungua daftari nyuma kabisa, akapitisha kidole, akanionyesha mstari.

"Hudaiwi," akasema. "Alilipa siku ile ile."